Bustani Yangu ya Masinki ya Choo

Marahaba, marahaba, kaeni. Ila wewe mwenye kofia usikae hapo, hilo sinki lina vitunguu. Na mwenzako aondoe mguu kwenye ndoo, humo kuna giligilani ndiyo kwanza inachomoza. Kwangu mtu haketi kabla hajaangalia chini. Mchungaji mwenyewe aliwahi kukalia miche ya figiri, akaondoka na suruali ya kijani.

Naambiwa mnataka kulima mjini. Picha zenu nimeziona kwenye simu: mabomba meupe ukutani, maji yanazungushwa na kipampu, letusi zimesimama kama wanafunzi mstarini. Zinapendeza. Sitawacheka, maana mimi nililima juu ya paa la gesti ya ghorofa nne, hapa hapa Moshi mjini, kwenye masinki, kwenye mabeseni marefu ya kuogea na kwenye vyoo vya kukaa. Nilichekwa kwa niaba yenu nyote, kwa hiyo nyinyi anzeni tu, zamu ya kuchekwa imeshalipwa.

Kazi yangu ilikuwa usafi. Mwenye gesti alikuwa Mzee Elisaria, mtu wa Masama, mpole, msafi, mzee mzuri kabisa, ila alikuwa hatupi kitu. Ukimwona ameshika bawaba iliyovunjika, ujue anaitafutia pa kulala. Basi mwaka aliokarabati vyumba, mafundi waling'oa vyoo vyote vya zamani na masinki yote, na yeye akaamuru vipandishwe juu ya paa. "Vitafaa," akasema. Vitafaa kwa nini, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mimi nikawa naanika mashuka katikati ya vyoo, vimekaa safu safu vinanitazama, kama niko kwenye mkutano wa watu wasio na vichwa.

Jikoni alikuwapo Felista, mama wa Kibosho, mkatoliki wa kutundika rozari kwenye msumari mmoja na vitunguu saumu. Huyu ndiye mwalimu wangu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hapendi kupanda ngazi. Siku moja alipokea mnafu kutoka sokoni, akauinua juu kwa vidole viwili.

"Mama Aika, huu umeshakufa na umeshazikwa. Nikiupika ni kufukua."

Nikamwambia juu kuna jua la bure na mabeseni ya bure. Akasema, "Basi unangoja nini?"

Nikaanza na beseni la kuogea. Nikajaza udongo, nikasia mchicha, nikamwagilia, ukaota vizuri sana. Halafu mvua za masika zikaanza. Kumbe kile kizibo cha beseni mafundi walikiacha mahali pake, na mimi sikukumbuka kukiangalia. Felista alipopanda kuona mavuno alikuta maji yamefika ukingoni na mchicha unaelea.

"Mama Aika," akasema, "umepanda mchicha au unafuga kambare?"

Kisha akatembea mpaka kwenye choo cha karibu, akakigonga na mwiko aliokuja nao. "Hiki kina tundu tayari, tena kubwa. Aliyekitengeneza aliwaza jambo moja tu, maji yatoke. Wewe unataka nini zaidi?"

Hapo ndipo nilipopata akili. Nilivisugua vile vyoo kwa maji ya moto na dawa, nikaviacha vikaukie juani kiangazi kizima, mpaka vikawa safi kuliko sahani za watu fulani ninaowajua. Sasa sikilizeni, na wewe unayeandika, andika. Chini kabisa weka kokoto na vipande vya matofali, la sivyo tundu litaziba. Juu yake kipande cha gunia. Halafu udongo, lakini si udongo mtupu. Udongo ukilowa ni mzito kama deni, na paa si shamba. Chini ya paa kuna watu wamelala. Mimi nilichanganya na pumba za mpunga kutoka kule tambarare, na maganda ya kahawa, mzigo ukapungua. Vyombo vizito nilivipanga juu ya kuta, kamwe si katikati ya paa, na kila kimoja nilikiinua juu ya matofali ili nione maji yanaelekea wapi. Maji usiyoyaona ndiyo yanayokwenda kumdondokea mgeni kitandani.

Mbolea ni ya mbuzi, na iwe imekaa. Mtaniuliza imekaa mpaka lini. Ingiza pua. Ikikujibu, bado. Ikinyamaza, tayari.

Na ndege! Ndege wa mjini wana adabu mbaya kuliko wa shamba, wanadonoa kila nyanya kidogo kidogo kama wageni wa harusi. Nikachukua kanda za kaseti za kwaya zilizoharibika, nikazivuta kutoka ukuta hadi ukuta. Upepo wa mlimani ukishuka zinatetemeka na kuimba mvumo mmoja mzito, ndege wanakimbia. Mgeni mmoja wa chumba cha juu alilalamika mapokezi kwamba kila asubuhi anasikia besi bila sauti nyingine. Tulimhamishia chini. Hatukumweleza.

Basi bustani ikaota. Mnafu, chainizi, sukuma, hoho, majani ya maboga yanayotambaa kwenye nguzo za kuanikia mashuka, na nyanya. Nyanya zangu za vyooni zilining'inia pande zote za kiti kama hereni. Felista alikuwa anapiga sufuria kule chini, mimi nachuma, nashusha kikapu kwa kamba kupitia dirisha la jikoni, na mboga inaingia motoni haijajua kwamba imekatwa. Watu wa maofisini wakaanza kuja kula kwetu mchana. Watu wakipita barabarani wakaanza kuniita, "Mama wa Juu!" Mimi niliyefagia jengo lile miaka yote bila mtu kujua jina langu, sasa nilikuwa napungia watu mkono kutoka juu.

Kilichotuponza ni kupenda picha.

Alikuja mgeni mmoja mzungu, ametoka mlimani, kucha za miguu zimemtoka. Akapanda kwenye paa kuanika viatu vyake. Alipoona nyanya zimekaa kwenye choo alicheka mpaka akaketi chini. Akaomba apige picha. Mimi nikajipanga, nikavaa kilemba vizuri, nikaweka mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya choo kama niko studio. Yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Akamrushia picha mwongozaji wake wa mlimani, mwongozaji akawarushia wenzake wacheke, na nilipofika chini ya ngazi na kikapu changu, nadhani picha ilishafika Himo.

Ila ilipokuwa inarudi Moshi ilirudi na maneno. Mtu fulani, hadi leo simjui, alikuwa ameandika chini yake: "MBOGA MNAZOKULA MJINI ZINATOKA CHOONI. Sambaza kabla hawajafuta."

Ikasambazwa, nyinyi mnajua kazi hiyo. Kesho yake mchana Felista alipakua chakula akajikuta anatazamana na viti. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Halafu ikaja kamati ya send-off, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, watu waliokuwa wameagiza chakula cha sherehe nzima kwetu. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akakaa ukingoni mwa kiti kana kwamba nacho kimetoka juu.

"Mama Aika, sisi hatuna ubaya na wewe. Ila bibi harusi analia."

"Analilia nini?"

"Anasema hawezi kuanza ndoa kwa chakula cha chooni."

Walipoondoka, Mzee Elisaria akaniita. Hakufoka, yule hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa amevua miwani anaifuta, na hiyo kwake ilikuwa mbaya zaidi.

"Mama Aika, mpaka Jumamosi ya wiki ijayo vitu vyako viwe vimetoka kwenye paa langu."

"Vyoo ni vyako, Mzee."

"Vyoo ni vyangu, nyanya ni zako. Wewe toa. Toa vyote."

Nikapanda juu. Mlima ulikuwa umefunguka, theluji ile kidogo iliyobaki inang'aa, na nyanya zangu zimeiva pamoja, kwa siku mbaya kabisa ya kuiva. Nilitegemea machozi yaje, nikakuta nina hasira. Nilijua kilichokuwa kinaondoka si mboga tu. Ikipita Jumamosi hiyo ningekuwa tena yule mama wa ufagio, ambaye wageni wanamruka kwenye korido.

Felista akapanda ngazi, kwa mara ya tatu tangu nimfahamu, anahema. Akaketi ukingoni mwa beseni lenye vitunguu.

"Kwa hiyo?"

"Amesema nitoe."

"Utatoa?"

Lile neno likanigeukia kichwani, toa, toa, nikaanza kucheka mwenyewe. "Nitatoa," nikasema. "Felista, wewe Jumapili unasali misa ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ukitoka uje na mkokoteni."

Sasa, vijana, wale ambao si wa usharika wetu niwaeleze. Kwetu ibada ikiisha hatutawanyiki. Tunatoka nje, tunasimama duara, na zile sadaka ambazo si fedha zinapigwa mnada: mayai, kuku, maziwa, mkungu wa ndizi. Mnadishaji ni mzee wa kanisa mwenye koo la shaba, na kila mtu anakaa kushuhudia, maana hapo ndipo unapojua nani ana nini na nani anajifanya.

Jumapili ile mimi na Felista tulivuka mji na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kitenge kipya, kama bibi harusi anayesafirishwa amekaa. Watu walitusalimia kwa heshima. Mmoja alivua kofia, nadhani alidhani ni msiba.

Mnada ukaanza. Mayai yakaenda, kuku akaenda huku anapinga, mkungu wa ndizi ukaenda. Kisha mnadishaji akatuona. "Haya, na huu mzigo wa kina mama?"

Nikavuta kitenge.

Mae! Sijawahi kusikia uwanja wa kanisa ukinyamaza vile, hata wakati wa sala. Choo cheupe peee, kimepigwa jua, na nyanya nyekundu zimekijaa kutoka kitini hadi miguuni. Wote walikuwa wameiona picha. Sasa walikuwa wanamtazama mwenyewe ana kwa ana.

"Mama," mnadishaji akasema polepole, "hii ni nini?"

"Sadaka, mzee."

"Sadaka naiona. Nauliza imekaa kwenye nini."

"Imekaa pale ambapo sisi sote tulikaa leo asubuhi kabla ya kuja kanisani."

Kicheko kikaanzia kwa vijana wa kwaya, wazee wakajaribu kukizuia wakashindwa. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia.

"Mnasema mboga zangu zinatoka chooni," nikasema. "Hiki choo nimekisugua kwa mikono yangu, kikakaa juani mpaka nacho kikasahau kazi yake. Sasa niambieni nyinyi wenye ng'ombe hapa. Ile mbolea mnayoimwaga kwenye migomba, ndizi zikaja nene mkazisifia, mnadhani ng'ombe anaitoa kwenye pembe?"

Hapo hata mchungaji aligeukia ukuta. Lakini kucheka si kula, na hakuna mtu aliyefungua mdomo kutaja bei. Nilisimama pale na kitenge mkononi, nikaanza kufikiria njia ya kurudi na mkokoteni.

Ndipo akajitokeza mama mchungaji. Mwanamke mfupi, haongei sana, tunamwogopa kidogo. Akakizunguka choo mara moja. Akachuma nyanya moja, akaifuta kwa khanga, akaing'ata. Usharika mzima ulikuwa unatazama shavu lake. Akatafuna, akameza, akageuka akauliza:

"Hakuna mwenye chumvi?"

Hapo ndipo palipolipuka. Mama mchungaji akataja bei ya kwanza. Mama mwingine akapanda juu ya hiyo. Mwalimu wa kwaya akapanda. Mnadishaji akawa anaruka ruka, jasho linamtoka. Na huko nyuma, chini ya kofia yake ya Jumapili, nikamwona Mzee Elisaria anasogea mbele, anasukuma watu taratibu, uso umemwiva.

"Simamisheni!" akasema. "Hicho choo ni changu!"

Watu wote wakamgeukia. Mnadishaji, ambaye hakuwa na haraka ya kumwokoa mtu, akauliza, "Una uhakika, Mzee? Unakitambua kwa alama gani?"

Nadhani watu wa barabarani walisikia kicheko kile. Mzee Elisaria akanitazama mimi. "Mama Aika, nilikwambia nini?"

"Uliniambia nitoe, Mzee. Nimetoa."

Mbele ya mchungaji, mbele ya usharika, angesemaje kwamba sadaka irudishwe? Mnadishaji akanyoosha mkono. "Basi kama ni chako, Mzee, kinunue."

Na alikinunua. Mama mchungaji alimpandishia makusudi, nilimwona, kila akitaja bei anatazama pembeni kama asiyehusika, na Mzee anapanda naye, anapanda naye, mpaka mtu mchoyo kuliko wote niliowahi kufanyia kazi akanunua choo chake mwenyewe kwa bei iliyofanya watu wapige makofi wima.

Tulirudi wote watatu nyuma ya mkokoteni. Felista alikuwa anauma ncha ya khanga yake. Tulipofika gesti, Mzee akasimama mlangoni akasema, "Hapa."

"Hapa wapi, Mzee?"

"Kishusheni hapa mlangoni. Kitu nilichokinunua kanisani siwezi kukitupa." Akavua miwani, akaifuta, na safari hii niliona mdomo unamtetemeka. Akachuma nyanya moja akaingia nayo ndani. Habari ya Jumamosi haikutajwa tena.

Wiki ile watu walirudi. Kwanza walikuja kupiga picha na choo cha mlangoni, na ukishapiga picha saa saba mchana na harufu ya mtori inatoka ndani, utakwenda wapi? Mama mchungaji alileta kina mama wa usharika. Kamati ya send-off ikarudi pia, mwenyekiti wao safari hii akakaa kwenye kiti chote, akamweleza Felista kwamba bibi harusi ameacha kulia. Felista akamjibu, "Aanze tena, tuna foleni." Halafu akawapikia, na akawapikia vizuri. Na siku moja mteja alirudisha sahani jikoni, amekasirika, anasema ameonja akajua: hii mboga ni ya sokoni, yeye aliagiza ya chooni.

Sifa hizo zilipanda mlima zikafika Mwika, zikamfikia shemeji yangu Anaeli.

Huyu niwaambie. Nilipofiwa na mume wangu, kihamba chetu, yaani shamba letu la migomba la urithi, kilikuwa kimepakana na cha Anaeli, mpaka ni mstari wa mimea ya masale kama kawaida yetu. Basi yale masale yakaanza kutembea. Kila nikiamka yamesogea kidogo kuelekea mlangoni kwangu, na migomba yangu inaamkia upande wa pili. Sikuwa na mtu wa kunisemea. Nilipoona yamefika kwenye ngazi za nyumba, nikamchukua binti yangu Aika nikashuka mjini kutafuta kazi, nikaipata ile ya ufagio.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, mfereji wao ulikauka, na mkewe Anaeli alichoka kula maharage bila jani. Akamtuma mjini. Akaja mpaka gestini, akanisalimia kwa kuinamisha kichwa, akasema amesikia nina namna ya kupanda mboga kwa maji kidogo, na anaomba miche.

"Karibu sana, shemeji," nikasema. "Miche ipo. Ila udongo wangu umechoka. Unaonifaa ni ule mweusi wa chini ya migomba, wa kule nilikokuwa nakaa. Ukinipatia huo, miche yote utachukua."

Alielewa. Siku chache baadaye akaja na gari la kukodi limejaa magunia. Vibarua walikuwapo pale nje, akawatazama, akanitazama, nikatingisha kichwa. Akabeba mwenyewe. Mimi nilikaa juu kabisa ya ngazi na kikombe changu cha chai, nikawa namsikia akipanda, anapumzika kila kona.

"Shemeji, ngazi hizi zinaisha wapi?"

"Karibu, shemeji, bado kidogo."

Jua lilipoanza kuinama paa lilikuwa limejaa udongo ule mweusi. Niliuvunja mkononi, nikaunusa. Nilikuwa nimesahau kwamba udongo una harufu ya nyumbani. Anaeli akapanda na gunia alilodhani ni la mwisho, shati limemgandia mgongoni, na juu ya gunia kulikuwa na jani la sale, bichi, limekatwa vizuri. Akalitua gunia, akalichukua lile jani, akaninyooshea bila kunitazama machoni.

Nyinyi mliozaliwa mjini huenda hamjui. Kwetu sale si la mpaka tu. Mtu aliyekukosea akikuletea sale, huna ujanja, unapokea na unasamehe. Nilisimama, chai ikanimwagikia, wala sikujali. Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Yamekwisha, shemeji," nikamwambia, na yalikuwa yamekwisha kweli.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akashusha pumzi ndefu, akaanza kutafuta pa kukaa.

"Shemeji," nikasema, "bado gunia moja."

Akanitazama. Kisha akashika ukuta na kuanza kushuka, nami nikamsikia anacheka peke yake, ngazi kwa ngazi, mpaka chini.